Barua ya Wazi kwa Halmashauri za Tarime na Serengeti Kuhusu Vimelea vya Mbwa, Paka na Binadamu

Kwa Waheshimiwa Wenyeviti na Madiwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Serengeti, Halmashauri ya Wilaya ya Tarime na Halmashauri ya Mji wa Tarime; kwa Wakurugenzi wa halmashauri hizo; na kwa Waganga Wakuu na Madaktari wa Mifugo walio chini yao.

Waheshimiwa,

Barua hii inahusu vimelea, yaani viumbe vinavyoishi ndani ya mwili wa kiumbe kingine au juu ya ngozi yake na kujilisha humo huku vikimdhuru mwenyeji wao, na inahusu hasa vile ambavyo mbwa, paka na binadamu wa mji mmoja hupeana katika vijiji vya Tarime na Serengeti. Hoja yake ni kwamba vimelea hivyo vimegawanywa kati ya idara mbili zisizokutana, ya afya ikiwashughulikia watu na ya mifugo ikiwashughulikia wanyama, ilhali vyenyewe hupita katika ua uleule, chungu kilekile na vumbi lilelile. Wilaya hizi tayari zina siku moja katika mwaka ambayo watu na mbwa wao hukusanyika mahali pamoja mbele ya mtaalamu, nayo ni siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Halmashauri zinaombwa kuitumia siku hiyo kwa kazi zaidi ya moja, na zinaombwa pia, tena kwa msisitizo mkubwa zaidi, kutazama yanayotendeka kwenye makaro ya kuchinjia na katika nyua za sherehe, kwa sababu dawa yoyote itakayotolewa bila kugusa jambo hilo itakuwa imetolewa bure.

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi, kwa hiyo si kimelea cha aina inayozungumziwa hapa, lakini historia ya kupambana nacho katika Wilaya ya Serengeti ina somo ambalo halijatumika ipasavyo. Kati ya Oktoba 1996 na Februari 2001 zilifanyika wilayani humo kampeni nne za kuchanja mbwa, zikifuatiliwa kwa karibu na kundi la watafiti akiwamo Sarah Cleaveland, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2003. Mbwa waliofikiwa katika kampeni hizo walikuwa kati ya asilimia 61 na 74 ya mbwa wote waliokadiriwa kuwapo. Matukio ya kichaa cha mbwa yakashuka kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza na kwa asilimia 97 baada ya kampeni ya pili, na watu waliofika kutibiwa majeraha ya kuumwa na mbwa walioshukiwa nao wakapungua. Kampeni za baadaye kuzunguka Hifadhi ya Taifa ya Serengeti zilipata msukumo mwingine, nao ni kuwalinda wanyamapori wenyewe, kwa kuwa mwaka 1994 homa ya mbwa iitwayo distempa ilikuwa imewaua takriban theluthi moja ya simba wa hifadhi hiyo.

Kilichodhihirika hapo kina uzito kuliko takwimu zenyewe. Wenye mbwa walikuja. Ilikuwa imezoeleka kudhani kwamba mbwa wanaoonekana wakizurura vijijini hawana mwenyewe, kumbe karibu wote wana mji wanakorudi jioni, wana jina, na wana kazi ya kufanya, iwe ni kubweka wezi wa ng'ombe wanapokaribia zizi usiku, kumzuia fisi, au kufuatana na mchungaji malishoni. Mara nyingi aliyewaleta kwenye kituo cha chanjo alikuwa mtoto, akimvuta mbwa kwa kipande cha kamba, na mtoto huyo ndiye yuleyule ambaye idara ya afya humtafuta shuleni na zahanatini ili immezeshe kidonge cha minyoo.

Hata hivyo wapo wanaobaki nyumbani siku hiyo, nao ni watoto wa mbwa, kwa imani ya wenyewe kwamba bado ni wachanga mno kuchomwa sindano. Wataalamu wa kichaa cha mbwa hushauri wachanjwe wote bila kujali umri, na kwa upande wa minyoo kosa la kuwaacha ni kubwa zaidi, kwa kuwa mtoto wa mbwa ndiye anayechafua udongo kuliko mama yake. Mnyoo wa mviringo wa mbwa, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Toxocara canis, hubaki katika umbo la kiluwiluwi ndani ya misuli ya mbwa jike bila kukua wala kumsumbua, akingoja. Mbwa huyo anapokaribia kuzaa, viluwiluwi huamka na kupenya kondo la nyuma hadi kwa vitoto vilivyo tumboni, na vingine hupitia katika maziwa. Kitoto cha mbwa huzaliwa kikiwa tayari na minyoo, na kinapofikisha kama wiki tatu huanza kutoa kinyesi chenye mayai kwa maelfu. Tumbo lililovimba na manyoya yaliyofifia, ambavyo wengi huvichukulia kuwa ndivyo vitoto vya mbwa vilivyo, kwa kawaida ni dalili ya minyoo hao.

Mayai hayo hayamdhuru mtu siku yanapotoka, kwani huhitaji kukaa kwenye udongo kwa wiki mbili au zaidi ndipo kiluwiluwi kilicho ndani kikomae, na baada ya hapo yanaweza kudumu miezi mingi, hata miaka, mahali penye kivuli na unyevu, mfano chini ya migomba ya nyanda za juu za Tarime. Mtoto wa binadamu anayecheza hapo na kutia vidole mdomoni huyameza. Ndani ya mwili wake viluwiluwi huanguliwa lakini haviwezi kuwa minyoo kamili, kwa kuwa binadamu si mwenyeji wao wa asili, na badala yake hutangatanga kwenye ini, mapafu na wakati mwingine jicho, ambako kovu moja dogo kwenye kioo cha nyuma cha jicho linaweza kumwondolea mtoto uwezo wa kuona upande huo. Kwa sababu mnyoo huyo hakui ndani ya mtu, hatagi mayai, na kwa sababu hatagi mayai, kipimo cha choo hakiwezi kumwonyesha hata kirudiwe mara ngapi. Mzazi huambiwa hakuna kitu na kurudi nyumbani na mtoto mwenye homa na kikohozi kisichoeleweka. Mganga wa zahanati asiyeuliza kama nyumbani kuna vitoto vya mbwa hana njia ya kulifikiria jambo hilo, na karatasi anayojaza haimtaki aulize.

Haki itendeke kwa mbwa pia, kwani si kila mnyoo wa mtoto umetoka kwake. Safura ya binadamu, yaani minyoo wadogo wanaonyonya damu katika utumbo na kumfanya mgonjwa apauke na kuchoka, pamoja na mchango wa kawaida wa watoto, hutokana na kinyesi cha binadamu, na dawa yake ya kudumu ni choo kinachotumika. Kichocho cha tumbo, ambacho kimeenea sana kando ya Ziwa Victoria katika wilaya jirani ya Rorya, hupitia kwa konokono wa majini. Safura ya mbwa inapomwingia mtu kwa kawaida huishia kwenye ngozi, ikiacha mistari myekundu inayojipinda na kuwasha vikali, hasa kwenye nyayo na makalio ya watoto wanaokaa chini. Kumlaumu mnyama kwa kila kitu kungezifanya halmashauri zifikirie risasi na sumu, njia ambazo zimejaribiwa sehemu nyingi duniani na zikashindwa, kwa sababu mbwa aliyeuawa leo nafasi yake hujazwa na mwingine mchanga zaidi, asiye na chanjo na mwenye minyoo mingi zaidi.

Kimelea kinachostahili kutazamwa kwa makini kuliko vyote katika jamii ya wafugaji ni tegu mdogo wa mbwa aitwaye Echinococcus granulosus, mwenye urefu wa milimita chache tu, ambaye mbwa anaweza kuwa naye kwa maelfu bila kukonda wala kukosa hamu ya kula. Ili kumwelewa ni lazima kutofautisha wenyeji wawili: mwenyeji wa mwisho, ambaye ndani yake kimelea hukomaa na kutaga, na mwenyeji wa kati, ambaye hubeba umbo changa la kimelea hadi aliwe na yule wa mwisho. Kwa tegu huyu mwenyeji wa mwisho ni mbwa, na wenyeji wa kati ni kondoo, mbuzi na ng'ombe wanaokula majani yaliyoangukiwa na kinyesi cha mbwa. Mayai yakifika tumboni mwa mbuzi, kilichomo hupenya hadi ini au mapafu na kujijengea kifuko cha maji kinachokua polepole kwa miaka. Binadamu anayemeza mayai hayo, kwa kumshikashika mbwa ambaye manyoya yake yamechafuka au kwa kunywa maji yaliyochafuliwa, huchukua nafasi ya mbuzi bila kujua, na kifuko hukua ndani yake hadi kinapokandamiza kiungo au kupasuka.

Anayetaka kuuona mzunguko huo kwa macho yake anaweza kusimama alfajiri kwenye karo lolote la kuchinjia. Kifua cha mbuzi kinapofunguliwa, pafu linaweza kuonekana likiwa na kinundu cheupe kilichotuna, kigumu kidogo kinapobonyezwa; kisu kikikigusa, maji maangavu hufoka kwa nguvu, na ngozi nyororo ya ndani hutoka kama utando wa yai lililochemshwa. Chini ya maji hayo, yakikingwa kwenye sahani nyeusi, hutua chembe laini mfano wa mchanga, na kila chembe ni kichwa cha tegu anayesubiri utumbo wa mbwa. Mchinjaji hukata sehemu hiyo kwa sababu mteja hataipenda, huitupa nyuma ya ukuta, na nyuma ya ukuta mbwa wamekwisha kupanga foleni. Baada ya wiki sita au saba mbwa hao huanza kusambaza mayai kijijini.

Kwenye karo angalau kuna mkaguzi wa nyama. Nyumbani hayupo. Katika msimu wa tohara wa Wakurya, ambao huangukia zaidi mwezi Desemba, na katika harusi na misiba ya mwaka mzima, ng'ombe na mbuzi huchinjwa uani, wageni ni wengi, nyama hugawanywa kwa haraka kulingana na hadhi ya kila mmoja, na kilichokataliwa hurushiwa mbwa. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo, kwa kuwa mapafu na maini mabovu ndiyo mshahara wa mbwa anayelinda zizi usiku kucha, na mji usiomlisha mbwa wake kwa mabaki utamlisha kwa nini? Kinachowezekana ni kuyachemsha mabaki hayo kwa zaidi ya nusu saa kabla ya kuyatoa, jambo ambalo linahitaji sufuria moja kuukuu na kuni ambazo siku ya sherehe tayari zinawaka, au kuyafukia kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua.

Ugonjwa wa vifuko hivyo kwa binadamu si hadithi ya mbali. Huko Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, miongoni mwa wafugaji wanaoishi karibu sana na mbwa wao, uligunduliwa kwa viwango vilivyokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani, na shirika la AMREF likaendesha mpango wa miaka mingi wa upasuaji, wa uchunguzi kwa mashine za mawimbi ya sauti zilizopelekwa hadi makambini, na wa kudhibiti mbwa. Mgonjwa mwenye kifuko hutibiwa kwa albendazo kila siku kwa wiki au miezi, kwa upasuaji, au kwa kufyonza maji kwa sindano chini ya uangalizi wa mashine, na katika njia hizo mbili za mwisho hatari kubwa ni kifuko kupasuka na kumwaga maji yake tumboni, kwani huweza kuleta mshtuko wa mzio unaoua pamoja na kupanda vifuko vipya. Kukatisha mlo mmoja wa mbwa kule Nyamwaga au Machochwe ni kazi nyepesi kuliko kumsafirisha mgonjwa wa aina hiyo kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza.

Hapa ndipo neno dawa ya minyoo linapohitaji kufafanuliwa, kwa sababu wengi huamini kwamba kidonge ni kimoja na kinaua chochote kitambaacho. Dozi moja ya albendazo ya miligramu 400 anayopewa mwanafunzi shuleni huondoa minyoo wa mviringo walio utumbo mwake na kupunguza safura. Haiondoi kifuko cha maji kilicho kwenye ini, haitibu viluwiluwi vilivyokwisha kufika jichoni, na haimgusi funza. Prazikwanteli, ambayo hutolewa kwa watu dhidi ya kichocho, ndiyo humwondoa tegu ndani ya mbwa, lakini haimwondoi mnyoo wa mviringo wala safura ya mbwa huyohuyo, ambao huhitaji dawa ya jamii nyingine kama fenbendazo au pairanteli. Vitoto vya mbwa vinapaswa kuanza dawa ya minyoo ya mviringo vikiwa na wiki mbili tu, kisha kurudiwa kila wiki mbili hadi vinapoachishwa ziwa, pamoja na mama yao. Kuhusu tegu, mbwa aliyemeza prazikwanteli leo na kula pafu bovu kesho atakuwa anasambaza mayai tena kabla ya miezi miwili kupita. Ndiyo maana barua hii inaweka karo na ua mbele ya kidonge.

Lipo suala la funza, ambalo huonewa aibu na kwa hiyo husemwa kidogo. Funza ni kiroboto mdogo kuliko viroboto wote, na asili yake ni Amerika ya Kusini. Aliletwa na meli iliyotoka Brazil na kutia nanga Ambriz, pwani ya Angola, mwaka 1872, kisha akasafiri na misafara ya wapagazi na askari hadi akavuka bara na kufika pwani ya mashariki kabla ya karne ile kwisha. Jike hujichimbia kwenye ngozi ya vidole, kisigino au pembeni mwa kucha, akibakiza nje ncha ya nyuma tu, ambayo huonekana kama nukta nyeusi katikati ya duara jeupe. Humo hunywa damu, huvimba hadi kufikia karibu sentimita moja, na kwa muda wa wiki mbili au tatu hurusha mayai chini moja baada ya jingine, kisha hufa akiwa humohumo. Mayai huanguliwa kwenye vumbi kavu la sakafu ya udongo na la kibarazani, na ndiyo sababu wakati wa kiangazi, hasa katika vijiji vikavu vya Serengeti, tatizo huzidi.

Nyayo za mbwa hushambuliwa na funza vilevile, na mbwa hulala mchana kutwa kwenye kibaraza kilekile ambacho watoto hukalia jioni. Nchini Uganda, katika Wilaya ya Bugiri, watafiti walikuta nguruwe wakiwa ndio hifadhi kubwa ya funza. Kwa miji isiyofuga nguruwe, wa kutazamwa kwanza ni mbwa. Mtoto anayetolewa funza kwa pini iliyozunguka nyumba nzima anaweza kupata pepopunda au maambukizi ya damu, na anayepakwa mafuta ya taa au dawa ya kuulia wadudu wa shambani huongezewa kidonda juu ya kidonda. Dimetikoni, mafuta ya silikoni yenye majimaji mepesi ambayo humziba funza pumzi bila kumtoa, imejaribiwa nchini Kenya na Uganda na kufanya kazi vizuri, lakini mguu ulioponywa ukirudishwa kwenye vumbi lilelile, karibu na mbwa yuleyule asiyetibiwa, utakuwa na funza wapya ndani ya mwezi. Sakafu iliyosilibwa ikashikana, hata kwa udongo wa kichuguu tu, humnyima kiluwiluwi mahali pa kukulia.

Kupe na viroboto wa kawaida hawahitaji maneno mengi, isipokuwa onyo moja. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye josho, hasa yenye amitrazi au ile ya jamii ya oganofosfeti, mara nyingi hupelekwa nyumbani kwenye chupa ya soda na kumwagiwa mbwa bila kipimo, na imewahi kutumiwa kwenye vichwa vya watoto wenye chawa. Paka huathirika vibaya na amitrazi na hata na pamethrini ambayo mbwa huivumilia. Yanayoonekana kama mbegu za tango kwenye manyoya ya mkia wa mbwa au paka ni vipande vya tegu mwingine, anayesambazwa na kiroboto, kwa hiyo kumpa mnyama kidonge na kuwaacha viroboto ni kuanza upya kila mwezi. Paka wanastahili kubaki nyumbani kwa ajili ya panya. Mjamzito amwachie mtu mwingine kazi ya kuzoa kinyesi chao na aepuke nyama mbichi, kwa sababu ya kimelea cha toksoplazma ambacho kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa vijiji vinavyopakana na mapori, kama vile Robanda na vingine vya Ikoma, mbwa aliyeingiwa na ukungu wa buluu machoni pamoja na homa na kukonda haraka aonwe na mtaalamu, kwa kuwa mbung'o humwambukiza vimelea vya jamii ya vile vinavyoleta malale. Watalii kadhaa walipatwa na malale mwaka 2001 baada ya kutembelea hifadhi za Tanzania, na waliopata habari hizo kwanza walikuwa madaktari wa Ulaya.

Waheshimiwa, jambo la kwanza linaloombwa ni kwamba ratiba ya chanjo ya mbwa na ratiba ya kidonge cha watoto ziandikwe kwenye meza moja, na Mganga Mkuu na Daktari wa Mifugo wa wilaya wawe wamekaa pande zote mbili za meza hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la BMC Public Health, uliofanywa na Felix Lankester na wenzake katika jamii za mbali nchini Tanzania, ulijaribu jambo hilo hasa kwa kuunganisha chanjo ya mbwa na dawa ya minyoo ya binadamu, na ukaonyesha kwamba gharama zilipungua na dawa ikawafikia watu wa makundi mapana zaidi kuliko shule pekee zingeweza. Kinachoongezwa na barua hii ni kwamba mbwa naye asiondoke na sindano tu: apewe prazikwanteli na dawa ya minyoo ya mviringo kwa kupimwa uzito, akaguliwe nyayo, na tangazo la kijiji litamke wazi kwamba vitoto vya mbwa viletwe, hata kama ni ndani ya kikapu. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao wanaijua kila nyumba, waandike vitoto hivyo vinapozaliwa kama wanavyoandika wajawazito. Kwa Sirari mpango upangwe pamoja na wenzao wa Isebania, upande wa Kenya, maana mbwa hawagongewi muhuri mpakani.

Jambo la pili ni machinjio. Kila karo katika halmashauri hizi liwe na uzio usiopitisha mbwa na shimo lenye mfuniko wa kufungwa kwa kufuli, ambamo kila kiungo kilichokataliwa hutumbukizwa mbele ya mkaguzi, na daftari la mkaguzi lionyeshe ni maini na mapafu mangapi yaliyokutwa na vifuko, kutoka kijiji gani, kwa sababu bila daftari hilo hakuna atakayejua mahali pa kupeleka kidonge cha mbwa kwanza. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006 na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 zinatosha kuwa msingi, na mamlaka ya halmashauri kutunga sheria ndogo yapo tangu 1982. Kwa sherehe za nyumbani haifai kutunga adhabu ambayo hakuna atakayeitekeleza. Inafaa kukaa na wazee wa koo na wasimamizi wa tohara kabla ya Desemba na kukubaliana nani katika kila mji atashika sufuria ya mabaki.

Ipo kawaida ya kujibu maombi ya aina hii kwa kusema kwamba fedha hakuna. Halmashauri ya Wilaya ya Tarime hupokea fedha za uwajibikaji wa kijamii kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioko Nyamongo, na tangu mabadiliko ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 mpango wa matumizi ya fedha hizo hupitishwa na halmashauri yenyewe. Wilaya ya Serengeti nayo inapakana na hifadhi ambayo wanyama wake wamefaidika na mbwa wa wanavijiji kuchanjwa, kwa hiyo ina sababu ya kuiomba ichangie. Mashimo yenye mifuniko, kufuli na mizani ya kupimia mbwa ni vitu ambavyo fundi wa Mugumu au wa Tarime mjini anavitengeneza. Ngazi ya taifa tayari ina Dawati la Afya Moja katika Ofisi ya Waziri Mkuu, lililozinduliwa mwaka 2018 ili wizara za afya, mifugo na maliasili zifanye kazi pamoja, na linahitaji wilaya za kulipatia mfano unaofanya kazi.

Bajeti za halmashauri hujadiliwa mapema kila mwaka ili zianze kutumika Julai 1. Ombi ni kwamba katika kikao kijacho cha bajeti cha kila moja ya mabaraza haya matatu Mganga Mkuu na Daktari wa Mifugo wasimame pamoja, wawasilishe kifungu kimoja chenye sahihi zao wote wawili, kikitaja idadi ya makaro yatakayozungushiwa uzio, idadi ya dozi za mbwa, na tarehe za siku ya pamoja kwa kila kata, na kwamba madiwani wakipitishe au wakikatae kwa kura iliyoandikwa kwenye muhtasari.